Nukta Juu ya Ain

Watu wa Nizwa wanaomjua Bi Khole binti Shihab wanajua kwamba hatii sahihi karatasi yoyote mpaka aisome mara tatu. Hata fomu ya kliniki, yenye jina lake na umri wake tu, ataishika, ataisogeza mbali, ataileta karibu, na muuguzi atasubiri.

Ana sababu yake. Alifika Ibra ya Omani kutoka Unguja na wazee wake mwaka wa sabini na tatu akiwa na miaka kumi na sita. Kiswahili cha Malindi ya Unguja alikijua, Kiingereza cha skuli alikijua, na Kiarabu alijua kukisoma tu. Kurani alikuwa amekhitimu mara mbili chuoni, herufi zote anazo, maana hana. Siku ya kwanza darasani mwalimu alimwambia afunge mlango, naye akaenda akafungua dirisha. Darasa zima likaangua kicheko. Miaka hamsini imepita, na Bi Khole bado anakisikia.

Basi akajifunza kile Kiarabu kama mtu anayelipa kisasi. Aliolewa Nizwa na Amur, mtu mpole aliyefanya kazi ya maji, akawa mpiga taipu ofisini mchana na mwanafunzi jioni. Akapata shahada yake akiwa na miaka arubaini, mtoto wake Lamees anamshikia begi mlangoni. Kisha akaajiriwa mahali panapohifadhiwa vitabu vya kale vya mkono, na huko akakaa miaka ishirini na mbili, akinyoosha karatasi zilizoliwa na mchwa na kusoma maandishi ambayo wengi waliozaliwa na lugha hiyo yaliwashinda. Wakubwa walimsifu. Yeye kila sifa aliipokea kama mtu aliyepewa chombo cha gilasi akiwa juu ya ngazi.

Alipostaafu, na Amur ameshatangulia mbele ya haki, alibaki na kazi moja tu: kitabu cha Sheikh Harith bin Muhanna.

Sheikh huyo alikuwa mtoto wa mfinyanzi wa Bahla, aliyeishi miaka mia nane iliyopita. Mchana alikanyaga udongo wa baba yake. Usiku alisoma mantiki na elimu ya dini msikitini. Alipokuwa mwalimu alijulikana kwa jambo moja. Hakupata kutoa fatwa kabla ya kumpa mpinzani wake nafasi ya kwanza. Aliandika, “Akisema msemaji hivi na hivi,” akaijenga hoja ya yule msemaji matofali kwa matofali, tena kwa uzuri kuliko msemaji mwenyewe, ndipo akaandika, “Nasi tutasema.” Wanafunzi wake walilalamika kwamba anawatetea maadui. Mwisho alikatazwa kufundisha Nizwa, akarudi Bahla, na huko uwanjani kwa baba yake, karibu na tanuri, akaandika kitabu cha masuala arubaini. Nakala yake ni moja tu, na jani lake la mwisho lilikuwa limepotea. Suala la arubaini lilikuwa na swali bila ya jawabu.

Na swali lenyewe ndilo lililomkosesha Bi Khole raha tangu siku aliyolisoma: “Akisema msemaji: mtu alikuwa na yakini ya jambo, kisha ikadhihiri amekosea. Ile yakini yake ilikuwa nini? Na leo atajuaje kwamba hakosei tena?”

Miaka tisa alikinakili kitabu kile, akayasahihisha maandishi yake, akakiandikia utangulizi wa kurasa arubaini. Utangulizi wote uliegemea neno moja la suala la kumi na mbili. Sheikh aliandika kwamba ujinga wa mwanachuoni ni kama kitu fulani cha chombo, kisichojulikana mpaka motoni. Kitu gani? Kwa Kiarabu neno lile likiwa na nukta juu ya herufi ya kwanza, ain, ni *ghaibu*, yaani kilichofichika. Likikosa nukta, ni *aibu*, yaani ila, kasoro. Katika nakala ile mwandishi hakuwa na desturi ya kuzitia nukta zote, lakini hapo palikuwa na nukta. Bi Khole akasoma ghaibu. Kutokana na nukta hiyo akamjenga Sheikh Harith kuwa mwanafalsafa wa mambo yaliyofichika, na chombo kuwa moyo ambao hakuna aonaye ndani yake ila Mola.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, kulikuwa na semina Nizwa, na Bi Khole alieleza kazi yake mbele ya watu mia mbili. Akasimama mwalimu mstaafu wa Bahla, Ustadh Khalifa, mjumbe wa kamati ya uchapishaji, mtu mrefu mwenye kilemba kilichonyooka kama amri.

“Hiyo si nukta,” alisema kwa Kiarabu. “Ni uchafu wa nzi. Neno ni aibu. Aibu ya chombo, kama wasemavyo wauza vyungu.” Kisha, badala ya kukaa, akaongeza: “Dada yetu asamehewe. Kiarabu cha majabali hakioti penye minazi.”

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha Ibra, wala hakikuzeeka hata siku moja.

Bi Khole alikuwa amejiandaa. Alirusha ukutani picha ya neno lile, kubwa kama mlango, na kando yake nukta nyingine thelathini za mwandishi yuleyule, akalinganisha upana na wino. Alipomaliza akasema, kwa adabu yote, kwamba Ustadh Khalifa amesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka mingi, na macho nayo huchoka. Safari hii watu walimcheka Khalifa. Mwezi uliofuata akajitoa katika kamati.

Kwa hivyo kitabu kikaenda mbele. Firas, kijana mhariri aliyekisimamia, akapanga siku: Alkhamisi faili linakwenda mtambo wa kuchapa.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo ukaja ujumbe wa sauti. Bi Khole alikuwa amewahi kutangaza katika kundi la simu la wanawake wa Kizanzibari kwamba anatafuta karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa mkono. Sasa bibi mmoja wa Mudhaibi, Mahfoudha, alisema ndani ya msahafu wa babu wa mumewe mna karatasi isiyo ya msahafu. “Njoo uitazame, mwanangu, kabla panya hawajaipendeza.”

Lamees alimpeleka kwa gari asubuhi ya Jumapili, kwa njia ya Izki na Sinaw. Ni mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na tano, na Kiswahili chake kina mashimo.

“Mama, karatasi hii ikiwa ndiyo, kitabu itakuwa kamili, sivyo?”

“Kitabu *kitakuwa* kamili.”

“Kitakuwa. Mbona hufurahi?”

“Nitafurahi nikishaiona,” alisema Bi Khole.

Bi Mahfoudha aliwapokea mlangoni, ana miaka themanini na ushei, kanga juu ya nguo ya Kiomani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni, tafadhalini. Karatasi yenyewe imesafiri kuliko sisi. Ilikwenda Unguja na babu, ikakaa Mkunazini miaka thamanini, ikarudi hapa na sisi tumbo wazi. Wala hakuna aliyejua imesema nini.”

Ilikuwa jani moja, rangi ya chai. Bi Khole hakulisoma kwanza. Waandishi wa zamani, ili majani yasichanganyike, waliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na chini ya ukurasa wa mwisho wa nakala ya Nizwa palikuwa na neno “mfinyanzi.” Alitazama juu ya jani. Mfinyanzi. Mkono uleule, wino uleule. Ndipo akasoma.

“Mfinyanzi hukigonga chungu kwa kidole, akasikiliza. Kabla ya moto alidhani ni kizima, na dhana hiyo ndiyo yakini aliyoweza kuwa nayo siku ile, hakusema uongo. Moto umemletea elimu mpya. Hana lawama aliyekosea kabla hajausikia ufa. Lawama ni ya yule aliyeusikia, kisha akakipeleka chungu sokoni. Na hii ndiyo aibu ya chombo tuliyoitaja katika suala la kumi na mbili.”

Na baada ya neno lile, mwandishi alikuwa ameongeza, kama walivyokuwa wakifanya katika maneno yenye hatari: “Kwa ain isiyo na nukta, asije mtu akakosea.”

Bi Khole aliisoma mara ya pili. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinacheza.

“Imesema nini?” aliuliza Bi Mahfoudha.

“Inataka kusomwa kwa utulivu, bibi,” alijibu. Lilikuwa neno la kweli, na alilisema kwa ajili ya kuficha.

“Basi ichukue uisome. Lakini uirudishe.”

Njiani Lamees alisimama Sinaw kununua chai ya maziwa. Akampa mama yake kikombe, akamtazama. “Umepata uliyoitafuta miaka tisa. Mbona uso umekuwa hivyo?”

“Jua tu.”

Siku mbili zilizofuata Bi Khole alikuwa kama mtu anayesikia bomba linavuja na haoni wapi. Alipima presha yake asubuhi, akaipima tena saa sita, akaificha mashine kabatini kwa sababu namba zilimtisha. Hesabu aliyoifanya kichwani ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio uliomtia hofu. Bi Mahfoudha hawezi kuisoma karatasi. Lamees hajaiona vizuri. Firas hajui kama ipo. Kitabu kitoke kama kilivyo, jani litangazwe mwakani, au baada yake. Kwani nani angemlaumu? Mtu akiuliza, atasema lilichelewa kufika. Na kweli lilichelewa.

Lakini kila alipofikia hapo, alimwona mfinyanzi yule, kidole chake kikigonga.

Akajaribu njia nyingine: labda jani lenyewe ndilo lililokosea. Jumatatu alikwenda kwenye maktaba inapohifadhiwa ile nakala, akaomba aletewe kitabu chenyewe, si picha. Kwa miaka tisa alifanya kazi kwa picha. Kitabu alikishika mara tatu tu, na kila mara aliikagua nukta ile akiwa ameshaipenda. Sasa aliiwekea lenzi. Nukta za wino zilikuwa zimezama katika karatasi. Hii ilikuwa imekaa juu, kahawia, ina mng'aro, kama punje ya ukoko. Uchafu wa nzi. Mtoto wa darasa la tatu angeuona.

Alimshukuru mtunza vitabu, akatoka, akakaa ndani ya teksi asijue amwambie dereva aende wapi.

Jumanne jioni alimwambia Lamees kila kitu. Lamees alikuwa anasahihisha mitihani, akaweka kalamu.

“Si uandike tahashia ndogo tu chini ya ukurasa?”

“Tahashia itasema nini? Kwamba kurasa arubaini za juu si kweli?”

“Utangulizi wote?”

“Wote. Nimemfanya mzee wa watu walii wa mambo ya ghaibu, kumbe alikuwa anazungumza habari za vyungu vya baba yake.” Akavuta kiti, akakaa. “Na watasema, Lamees. Watasema, si tuliwaambia? Mzanzibari huyu, Kiarabu chake cha kubahatisha.”

Lamees alisukuma kando karatasi za mitihani. “Mimi darasani nikikosea ubaoni, nafuta. Wanafunzi wanacheka. Halafu tunaendelea. Nisipofuta, wote thelathini wanakwenda nyumbani na kosa yangu.”

“Kosa *langu*,” alisema Bi Khole, na alipolisikia neno lilivyotoka kinywani mwake, akanyanyuka akaenda kujifungia jikoni.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Firas. Hakukaa. “Simamisha,” alisema, akamwekea mezani picha ya jani.

Firas alisoma, akavua miwani. “Bi Khole, ukumbi wa kukizindua kitabu tumeshauchukua. Wageni wamealikwa. Ukiondoa utangulizi, kamati inaweza kusema kitabu hakiko tayari, na mwaka huu ukipita sijui kama kitarudi kwenye orodha. Siwezi kukuahidi kitu.”

“Sikuombi ahadi.”

“Na usomaji huu mpya, tuseme ni wa nani? Maana kuna mtu aliyeusema mbele ya watu mia mbili.”

Hilo ndilo alilokuwa akilikwepa tangu Mudhaibi. Kusimamisha kitabu kulikuwa kuzito. Kwenda Bahla kulikuwa kuzito zaidi.

Yeye na Lamees walikwenda siku ileile, kabla moyo haujageuka. Lamees aliegesha gari nje ya ukuta wa shamba la mitende, akataka kushuka, mama yake akamwambia abaki. Njia nzima Bi Khole alikuwa akipanga maneno kwa Kiarabu, akiyakagua irabu kwa irabu, asije akateleza hata moja mbele ya mtu yule. Mke wa Khalifa, Bi Fawziya, alimfungulia, akamtazama kwa muda usio wa kawaida, kisha akamkaribisha barazani.

Khalifa alikuja bila kilemba, kofia tu. Alikuwa amekonda. Bi Khole akaanza ile hotuba yake. Alifika sentensi ya pili, neno likampotea kabisa, neno jepesi, neno la mtoto. Alijua sasa kicheko kinakuja.

“Sema kwa Kiswahili, Bi Khole,” alisema Khalifa, kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha Pemba, cha Wete, kilicholala muda mrefu. “Mie n'takusikia.”

Alimtazama kama aliyeona ukuta unasema.

“Nimetoka huko nina miaka tisa,” alisema Khalifa. “Hapa skuli nilipigwa kwa lugha hii. Nikaizika. Hata wanangu hawajui kama nnayo. Sema.”

Basi akasema yote, na hakupanga tena. Karatasi, msahafu, nzi, lenzi. Siku mbili za kuficha, nazo akazitaja. Mwisho akasema: “Ulikuwa na haki, nami nilikufedhehesha. Nimekuja kukutaka radhi, na jina lako litaandikwa kitabuni kwa usomaji ule, kama kitabu kitatoka.”

Khalifa aliichukua ile picha ya jani, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Akarudia tena.

“Usiliandike,” alisema Khalifa.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu sikujua. Kitabu chenyewe sikupata kukishika. Picha niliitazama kwenye simu, ndogo hivi. Nilisimama kwa kuwa uliposema, nilikisikia Kiswahili chini ya Kiarabu chako, nikaogopa watu wasije wakakisikia na chini ya changu. Nikatafuta la kukupinga, na la karibu lilikuwa nukta. Ningeweza kusema lolote.” Akairudisha karatasi. “Wewe ulikuwa na yakini ukakosea. Mie nilibahatisha nikapatia. Muulize sheikh wako, nani kati yetu aliyekuwa na ilimu?”

Bi Khole aliiweka picha magotini. Kisha akasema: “Angeanza na hoja yako.”

“Na angeitengeneza vizuri kuliko nilivyoisema,” alisema Khalifa, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kifupi. Akamwita mkewe alete kahawa, akamwambia nje kuna mtoto wa watu ndani ya gari, aitwe. Walipokunywa, Khalifa akasoma kwa sauti mistari ya mwisho ya jani, ile ambayo Bi Khole kwa fadhaa yake hakuizingatia: “Akisema msemaji: basi binadamu hana yakini kamwe? Tutasema: anayo ya kutosha kuchotea maji. Akichota, na asikilize.”

Kitabu hakikutoka mwaka ule. Kamati ilikutana mara mbili, na katika mkutano wa pili mjumbe mmoja alisema kwa sauti yale hasa aliyoyaogopa Bi Khole, na Bi Khole alikuwapo, akayasikia, akabaki kwenye kiti. Khalifa aliandika barua. Nje ya kamati hakuna aliyejua imesema nini, lakini baada yake kazi ikarejeshwa kwenye orodha. Utangulizi ukawa kurasa nane. Katika tahashia ya suala la kumi na mbili imeandikwa kwamba Bi Khole aliwahi kusoma ghaibu kwa kosa, na kwamba Ustadh Khalifa wa Bahla alisoma aibu, “kwa kubahatisha, kama alivyoomba isemwe.” Jani lilirudishwa Mudhaibi ndani ya bahasha ya kitambaa, na Bi Khole alikaa na Bi Mahfoudha alasiri nzima akimfasiria neno kwa neno. “Kumbe vyungu tu,” alisema bibi, akaridhika.

Maboksi yalipofika Nizwa, Bi Khole hakuyafungua kwa siku nne. Siku ya tano simu ililia, alikuwa Khalifa.

“Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mstari wa tisa. Umekosea.”

Bi Khole aliweka simu chini. Alikata boksi kwa kisu cha mboga, akafungua ukurasa, akasoma, akatafuta picha za nakala, jani kwa jani, akasoma mara tatu. Aliyekosea alikuwa Khalifa. Alisoma mara ya nne, kwa tahadhari. Khalifa.

Alikaa na jambo lile siku mbili, akilitazama kila pembe, hana hakika kama ni furaha au ni hofu nyingine. Siku ya tatu akampigia.

“Ustadh,” alisema kwa Kiswahili, “chukua kitabu chako. Tuanze na hoja yako kwanza.”